Chupa Kumi na Moja kwenye Mipichi ya Bibi Halima

Mlola, Lushoto
Jumapili, baada ya ibada

Dada Roda,

Shikamoo. Najua shikamoo hii imechelewa miezi miwili, na najua umekwisha sema mbele ya Shemeji kwamba Elia amepata kazi ya serikali akamsahau aliyemlea. Sema tu, nimestahili. Magoti yako yanaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuzungusha? Huku mimi ni mzima wa mwili. Sweta uliyonifumia naivaa hadi kitandani, maana ukungu wa milima hii unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Nasema mzima wa mwili, kwa sababu moyo ni habari nyingine, na ndiyo iliyonichelewesha kuandika.

Barua yako niliipata. Umeniomba ile dawa ya kunasa nzi wa matunda, uitundike kwenye mipera ya marehemu Baba kwa kuwa mapera yote yanatoka na funza. Halafu pale mwisho, kama mtu anayesema akiwa amekwisha fika mlangoni, ukaandika kwamba Mama Lungwa hapiti tena kwetu tangu mavuno, na hujui umemkosea nini. Nitayajibu yote mawili. Ila kwanza keti, Dada, nikueleze nilivyoitumia dawa hiyo hapa.

Nilipoletwa Mlola kama bwana shamba msaidizi, kijiji kilinipa chumba kwenye nyumba ya ghala la ushirika. Kikanipa na mwenyeji wa kunilisha siku za mwanzo, mjane mmoja anayeitwa Bibi Halima. Nyumba yake iko bondeni, katikati ya mipichi ishirini na kitu aliyoipanda marehemu mume wake. Mapichi ni matunda ya baridi, huko kwetu hayapo. Pichi lina manyoya laini kama shavu la mtoto na ndani lina kokwa gumu. Huwezi kufika nyumbani kwa Bibi bila kupita chini ya miti hiyo, labda uzunguke kwa juu kwenye genge, ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili. Binti yake wa pekee ameolewa Bulwa, upande wa pili wa milima, anachuma chai huko. Kwa hiyo Bibi aliishi peke yake, lakini upweke hakuujua, na sababu ni mapichi.

Alikuwa na desturi yake. Tunda lililoko mtini ni la mwenye shamba, lililoanguka ni la mpita njia. Hakulihesabu tena kuwa lake. Watoto wakitoka shule walimiminika bondeni kama kuku waliomwagiwa mtama, wakaokota, wakala, wakagombana, na Bibi kakaa kizingitini anawaamulia kwa Kisambaa huku anacheka. Wanawake wanaotoka kisimani walitua ndoo, wakaokota mawili matatu, wakampa habari za mjini na za msibani. Jioni chini ya miti palikuwa peupe kama pamefagiwa. Mimi alinipokea siku ya kwanza kwa bada, ule ugali wa muhogo, na maharage, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Mpwapwa akasema, "Mbali hivyo? Basi mama yako leo ni mimi." Nikamwambia mama yangu alikufa nikiwa mdogo, nimelelewa na dada. Akasema, "Mwandikie dada apumzike kidogo, nimempokea zamu." Sikukuandikia hilo wakati ule. Nakuandikia sasa.

Haya, nzi. Mtaalamu alikuja kutufundisha mwezi wa kumi, matunda yalipoanza kuanguka. Nzi wa matunda si huyu wa jalalani. Ni mdogo, mabawa yana madoa, na jike hutoboa ganda la tunda changa akataga ndani. Mayai huwa funza, funza hula tunda, tunda huoza na kuanguka. Likianguka, funza hutoka akaingia ardhini, na baada ya siku chache hupanda juu nzi mpya. Ile dawa ina harufu ambayo nzi dume hudhani ni jike. Unaiweka kwenye pamba pamoja na matone ya sumu, unaitia kwenye chupa yenye kifuniko chenye matundu, unaitundika mtini. Dume huingia kutafuta mchumba akafa humo. Madume yakipungua, majike hukosa waume. Lakini mtaalamu alisisitiza jambo, tena aligonga meza: chupa peke yake haitoshi. Lazima matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kuzikwa urefu wa mkono, la sivyo unakausha sakafu huku bomba liko wazi.

Mimi niliandika hilo kwenye daftari. Halafu nilipofika kwa Bibi Halima nikaangalia chini ya mipichi, nikaona peupe, nikalifuta. Nikasema hapa kazi hiyo inafanywa na watoto, tena bure. Unanijua nilivyo mjuaji, ulinichapa kwa ujuaji huo nikiwa darasa la tatu.

Nikachukua chupa za dawa zilizokwisha pale zahanati, kumi na moja. Nikavaa glavu za mpira kwa sababu ya ile sumu. Nikazitundika kwa waya kwenye mipichi ya Bibi, naye akinishikia ngazi na kunitania kwamba nimewajengea nzi gesti. Siku hiyo hiyo jioni palikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akanipa nafasi, nikasimama nikasema kwamba nimeweka dawa kwa Bibi Halima, ni dawa kali, mtu asiiguse. Watu walikuwa kimya kweli, nikafurahi kwamba wananisikiliza. Nikaongeza kwa mzaha, "Atakayegusa, shauri yake." Nikakaa.

Dada, hapa kuna kitu kinaitwa kago. Kwetu kipo kwa jina jingine. Mtu anayeibiwa mazao huenda kwa mganga, akapewa kichupa au kibuyu, akakitundika shambani. Anayechuma bila ruhusa huvimba tumbo. Na anayeweka kago hutangaza kwa watu maneno yale yale niliyoyasema mimi mkutanoni, karibu neno kwa neno. Sikuyajua hayo. Mgeni wa miezi mitatu, mwenye glavu, anatundika chupa za dawa zenye harufu wasiyoijua, kisha anasimama kutisha watu. Wewe ungeelewaje?

Kesho yake watoto hawakuja. Keshokutwa pia. Mimi sikuona, kwa kuwa nilikuwa na vijiji vinne vya kuzungukia na kwa Bibi nilifika mara moja kwa wiki. Nikifika nilitazama juu kwenye chupa, sitazami chini. Wiki ya kwanza nzi walikuwa kiganja. Wiki ya pili chupa zilikuwa nusu. Wiki ya nne zilijaa nikawa nazimwaga. Nilifurahi, Dada. Niliandika ripoti ndefu kwenda wilayani, na wakajibu kwa kunisifu kwamba hakuna mahali nzi wamenaswa wengi kama Mlola. Kumbe walikuwa wengi kwa sababu nilikuwa nawafuga. Mapichi yalikuwa yanaanguka, hayaokotwi, yanaozea pale pale, na kila tunda linapandisha nzi wake.

Baadaye niliyaona, siyo kwamba sikuyaona kabisa. Nikamwambia Bibi, "Haya yazikwe." Akakataa. Alisema, "Hayo si yangu wala si yako, ni ya watoto. Watakuja." Nikasema yameoza. Akasema, "Basi wataokota yatakayoanguka kesho." Nikachukua jembe, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Nikaacha. Nilifikiri ni ubishi wa uzee. Sasa najua kwamba kuyazika ilikuwa ni kukubali kwamba hawaji tena.

Wanawake wa kisimani nao walibadilisha njia. Jirani yake, mke wa Mzee Singano, aliyekuwa akimletea ndoo ya maji kila asubuhi, alianza kuituma kwa njia ya genge mara mojamoja, kisha akawa anamsalimia kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma. "Bibi, umeamkaje?" "Nimeamka." Basi. Bibi aliniambia, "Wananisalimia kwa mbali kama mtu mwenye ndui."

Siku moja, mwezi uliopita, nilikuwa nahesabu nzi kwenye karatasi pale kizingitini kwake. Alikuwa anakohoa tangu wiki iliyotangulia, nikamwambia twende zahanati, akasema kifua cha mvua kitaisha chenyewe. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe unakaa na watu huko juu. Nimewakosea nini?"

Nikamjibu nini mimi? Nilikuwa nimefika mia tatu na kitu na sikutaka kupoteza hesabu. Nikasema, "Hujawakosea kitu, Bibi. Ni mvua tu, watu hawatembei." Akasema, "Mvua." Akaingia ndani kunitengenezea chai.

Chupa zilikuwa zinaning'inia juu ya vichwa vyetu wote wawili, Dada. Jibu lilikuwa hapo.

Siku nne baadaye, asubuhi, Mzee Singano alikuja ghalani kunitafuta. Mzee huyu ndiye balozi wa nyumba kumi za bondeni, mtu mpole, hasemi sana. Akanisalimia, akaniuliza habari za kwetu, habari za kazi, yote kwa utaratibu, kisha akasema mke wake amemwita Bibi Halima tangu alfajiri haitikii. Nikauliza, "Ameingia ndani?" Akatazama pembeni. Akasema, "Tulikuwa tunakusubiri wewe." Ilikuwa yapata saa nne. Nikakimbia. Nilikuta watu kama ishirini wamesimama nje ya ua wa michongoma, wanawake wameshika vichwa, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga ndani. Nikapita katikati yao, nikapita chini ya mipichi nikiteleza kwenye matunda yaliyooza, nikasukuma mlango.

Alikuwa amelala ubavu, kajifunika kaniki yake, mkono chini ya shavu. Alikuwa amekwisha kuwa wa baridi.

Sitakuambia kwamba angepona. Kifua chake kilikuwa kibaya na zahanati yetu haina mengi. Ila asingekufa peke yake, hilo nakuapia. Mahali hapa mtu akikohoa mara mbili jirani analeta uji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji wangu hakupona.

Unajua Waislamu hawachelewi kuzika. Wazee wakakubaliana azikwe kabla ya alasiri, kando ya mume wake, na kaburi la mume liko nyuma ya nyumba, ndani ya mipichi. Nikatoka nje ya ua nikawaambia majembe yaingie. Hakuna aliyesogea. Nikarudia. Vijana wa kuchimba wakatazamana, wakamtazama Mzee Singano. Ndipo akaja karibu yangu, akaniambia polepole ili nisiaibike mbele za watu:

"Bwana Shamba, tunakuomba. Ondoa kago lako kwanza."

Nikasema, "Kago gani, Mzee?"

Akanionyesha kwa kidevu, maana kwa kidole waliogopa. Juu, kwenye chupa zangu.

Nikamwambia ni dawa ya nzi, nilieleza mkutanoni. Akasema, "Ulisema ni dawa, na atakayegusa shauri yake. Tukasikia." Nikasema, "Lakini mbona hakuna aliyeniuliza? Mbona hamkumuuliza Bibi?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Mwanangu, mwenye shamba haulizwi habari ya kago. Anayeuliza ndiye anayetaka kuiba. Sisi tulisema, Bibi Halima amechoka na sisi, ameamua kutukataza, na ni mali yake. Tukawakanya watoto. Tulisikitika, lakini tulinyamaza kwa heshima."

Walinyamaza kwa heshima. Naye kule ndani alinyamaza kwa heshima, hakutaka kuwafuata watu milangoni kuuliza kwa nini hawaji. Kila upande ukiamini umekataliwa na mwenzake, na mimi katikati nahesabu nzi.

Nikaweka ngazi. Nikazitoa zote, moja moja, bila glavu, wanaangalia. Nikazivunja juu ya jiwe, nikawaonyesha pamba, nikawaonyesha nzi waliokufa, nikasema hakuna mganga aliyehusika. Bado hawakusogea, kwani chupa kuvunjwa si lazima kago limekwisha, linaweza kuwa limeshuka ardhini kwenye yale matunda. Sikuwa na maneno mengine ambayo wangeyaamini. Basi nikanawa mikono kwa maji ya mtungi wa Bibi, nikaokota pichi lililoanguka, lenye funza ndani, nikalila mbele yao lote mpaka kokwa.

Wakasubiri. Nami nikasubiri pamoja nao, watu wazima tumesimama uani tunalitazama tumbo langu, na maiti iko ndani. Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Kisha Mzee Singano akavua viatu vyake, sijui kwa nini alivivua, akachukua jembe, akapita chini ya mti wa kwanza. Wengine wakamfuata. Wanawake wakaingia nyumbani kumwosha, na mke wa Mzee Singano ndiye aliyeanza kulia, akilia kwa Kisambaa, na jambo alilokuwa akirudia nililielewa hata kwa Kisambaa changu kibovu. Alikuwa akimwambia, sikujua, sikujua, ningeingia.

Binti yake alifika kesho yake kutoka Bulwa, amechoka, viatu mkononi. Nilimweleza yote, sikuficha, hata lile swali na jibu langu la mvua. Nilitegemea anitukane. Alikaa kizingitini pale pale alipokuwa akikaa mama yake, akasema, "Aliniandikishia barua kwamba watu wamemchoka na anataka kuja kwangu. Nikamjibu asubiri niombe ruhusa ya kazi." Akasema tena, "Hata mimi sikumuuliza wamemchoka kwa nini." Alipoondoka alimwachia Mzee Singano miti aitunze, kwa sharti kwamba desturi ya mama yake ibaki, lililoanguka ni la mpita njia.

Watoto hawajarudi. Naona wanapita juu barabarani, wanatazama bondeni, wanaenda. Hofu uliyoipanda kwa siku moja huing'oi kwa siku moja. Kila jioni nikitoka vijijini nashuka mwenyewe, naokota yaliyoanguka na kuyazika urefu wa mkono, kama mtaalamu alivyosema. Nafanya kazi ya watoto. Wilayani nimeandika ripoti ya pili, nikaeleza kwa nini nzi wa Mlola walikuwa wengi. Hawajanijibu, na sidhani watanisifu.

Sasa nakujibu yako. Dawa nakutumia. Mchungaji wetu anasafiri kwenda Dodoma, nimempa kopo lenye pamba mbili, limefungwa vizuri, usilifungue mbele ya chakula. Inafanya kazi, usiiogope. Ila kabla hujatundika chupa hata moja, zika kwanza mapera yote yaliyoanguka. Na kabla ya hayo, zunguka kwa majirani mlango kwa mlango, waite waje wanuse, waone nzi wanavyoingia, watoto washike chupa tupu. Usisimame kwenye mkutano. Usiseme shauri yake.

Msalimu Shemeji, mwambie suruali aliyonipa sasa inanitosha. Mjomba Yoeli wa kinu cha kusaga mpe shikamoo yangu, na shangazi wa Kibakwe, yule anayeniita mchumba wake, mwambie bado sijaoa. Wanao wabusu wote, na yule mdogo anayeogopa nzi mwambie mjomba wake amewala.

Na Mama Lungwa. Uliandika kwamba hujui umemkosea nini na kwamba utamwachia Mungu. Usimwachie, Dada. Ukimaliza kusoma karatasi hii iweke chini, jifunge khanga, uende kwake, magoti yakiuma uende polepole. Piga hodi umuulize. Hata kama atakuambia ni mvua tu, kaa hapo hapo umuulize tena.

Ndimi mdogo wako uliyemlea,
Elia